Wimbo wa Kunawa Mikono

Watu wa Ukambani si wageni wa ngoma inayoponya: akina mama wazee wamepiga kilumi tangu jadi, kuwatuliza walioshikwa na pepo na kuomba mvua. Mwongozo huu unataka machache kuliko hayo. Wewe una mtoto mmoja pale Zombe, mwenye usonji au ulemavu wa akili, asiyeweza kunawa mikono peke yake. Ngoma haihitajiki. Mtungi mtupu wa lita 20 unatosha, na jirani asiyetaka mambo ya kilumi hatakuwa na neno.

Kwanza, sikiliza. Siku mbili tatu usifundishe lolote. Kaa naye kivulini, gonga mtungi polepole. Akijitikisa, fuata mwendo wake. Akipiga chini kwa kiganja, mjibu. Akiziba masikio, umezidisha sauti. Paul Nordoff na Clive Robbins, walioanza kazi yao Uingereza mwaka 1959, walijenga juu ya msingi huo: mpigaji humfuata mtoto.

Pili, igawe kazi: kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kukung'uta. Kila kitendo na mstari wake, kwa lugha ya nyumbani, kwa tuni anayoijua tayari. Mstari wa kusugua urudiwe hadi sekunde 20, kibuyu chirizi cha kunawia kikiwa kimeachwa kisitoe maji. Maji yaliyoletwa na punda kutoka mbali hayamwagwi kwa ajili ya wimbo.

Tatu, hapa ndipo penye kazi. Imba wimbo wote huku umemshika mikono, lakini ukifika kwenye kukung'uta, nyamaza na umwachilie. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Huenda akakung'uta, huenda akakutazama tu. Walezi wengi hushindwa hapo. Kimya huwachoma, wakamalizia wenyewe. Siku atakapokung'uta bila kushikwa, nyamaza pia kwenye kusuuza, kisha kusugua, ukirudi nyuma hivyo hadi mwanzo.

Fanyeni zoezi hili dakika 15 kabla ya chakula, mahali pale pale, ninyi wawili tu.

Nne, punguza wimbo. Ondoa maneno ubakize mvumo, kisha pigo la mtungi, kisha kimya. Anayenawa mama akiimba tu bado hajajua kunawa.

Wimbo hauondoi usonji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa watoto 364 katika nchi 9, haukuona tiba ya muziki ikipunguza dalili zake kuliko huduma ya kawaida. Basi dalili usizipime, pima mikono. Piga alama ya mkaa ukutani kila anapomaliza kitendo bila msaada. Mwezi ukipita bila alama mpya, badilisha tuni, au anza na kazi nyepesi kama kushika kikombe. Na kama mtoto hajawahi kutathminiwa, mwombe mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu akuelekeze kwenye kituo cha EARC, yaani kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kielimu. Serikali imekuwa na vituo hivyo tangu 1984.