KUFUNDISHA KIPIMO CHA JOTO KWA GEJI YA GARI

Somo la joto katika skuli za msingi hufundishwa mara nyingi kwa kipimajoto cha kioo peke yake. Chombo hicho ni kizuri, lakini mtoto wa Unguja hukutana nacho kwa nadra. Kilicho karibu naye zaidi ni geji ya joto katika gari la dizeli linalompeleka kutoka shamba hadi Darajani. Makala haya yanamwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi geji hiyo inavyoweza kufundisha jambo moja kubwa: kipimo hakiaminiwi kabla ya kujaribiwa.

Maarifa ya mwalimu

Geji ina sehemu mbili: uso wenye mshale mbele ya dereva, na kihisi kilichofungwa mahali penye joto. Kwa kawaida kihisi hupima maji ya injini. Pikapu ya giaboksi ya otomatiki inayobeba mizigo mizito huweza kuongezewa geji ya pili, ya mafuta ya giaboksi. Mafuta hayo kwa kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Yakivuka 120 huchakaa upesi, na giaboksi huharibika.

Ndani ya kihisi cha aina iliyoenea mna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi. Kikipoa, ukinzani huongezeka, umeme unaopita hupungua, na mshale hulala upande wa baridi.

Fundi anapokifunga kihisi husubiri gari lipoe, huyazuia magurudumu na kuweka chombo cha kukingia mafuta. Hukifunga chini ya giaboksi, au katika bomba linalopeleka mafuta kwenye kipozea. Mahali huleta tofauti, kwa kuwa mafuta yanayokwenda kupozwa huwa moto kuliko yaliyotulia chini. Waya huwekwa mbali na ekzosi, na umeme wa geji hupitia fyuzi. Mwisho hujaza mafuta yaliyopungua, huwasha injini na kukagua kama panavuja.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Kihisi cha waya mmoja hurudisha umeme kupitia hesi zake zinazogusa chuma cha gari. Fundi akizifunika hesi zote kwa utepe wa kuzuia mvujo, njia ya umeme huweza kuwa mbovu. Ukinzani huongezeka, na geji huonyesha joto dogo kuliko lililopo. Waya ukikatika, mshale haupandi kabisa. Basi hitilafu hujifanya usalama: dereva huona baridi, naye anaunguza giaboksi huku abiria wake wakiwa njiani.

Somo la darasa la sita

Shabaha: Mwanafunzi aweze kujaribu kipimo kwa kukilinganisha na joto linalojulikana.

Vifaa: Kihisi kikuukuu cha waya mmoja kutoka gereji, mita ya ukinzani, kipimajoto kinachozidi nyuzi 100, barafu, maji, jiko na kopo. Kipimajoto cha hospitali kisitumiwe, kwa maana kitapasuka katika maji ya moto.

Hatua ya kwanza: Ponda barafu, changanya na maji kidogo, uache kwa muda. Hapo joto ni nyuzi 0. Unganisha mita na ncha ya kihisi na mwili wake, kitie kichwa chake katika maji, na wanafunzi waandike ukinzani.

Hatua ya pili: Rudia katika maji ya vuguvugu, kisha katika maji yanayochemka. Mwalimu peke yake ashike vyombo vya moto; wanafunzi wakae mbali na jiko. Unguja haina milima mirefu, kwa hiyo maji huchemka karibu sana na nyuzi 100. Waeleze kwamba Nairobi, iliyo juu sana ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana hata alama ya kulinganishia lazima ijulikane vyema.

Hatua ya tatu: Wachore mstari wa ukinzani na joto. Kisha chomoa waya mmoja wa mita na uulize:

“Mita inaonyesha nini sasa?”

“Mwalimu, ukinzani umekuwa mkubwa mno.”

“Geji ya gari ingesema nini?”

“Ingesema kuna baridi.”

“Na maji haya?”

“Yangali yanachemka!”

Usiharakishe kueleza. Waache wabishane, kwa sababu hapa ndipo kiini cha somo.

Tahadhari

Ukialika fundi aonyeshe gari lake, injini iwe imezimwa na imepoa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kingali cha moto, na mtoto asiingie chini ya gari.

Tathmini

Waulize: “Pikapu imepakia mihogo kutoka Mkokotoni hadi Mjini, na mshale wa geji ya giaboksi haukupanda hata kidogo. Je, giaboksi ni baridi?” Anayejibu “ndiyo” amesoma mshale tu. Anayetaja waya uliokatika au hesi zisizogusa chuma, akaeleza jinsi ya kuhakikisha, huyo amejifunza kupima.