Mashua Kongwe za Mashindano: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Nauli

Katika bandari ya Newport, nchini Marekani, abiria wamekuwa wakichukuliwa na mashua za matanga zilizowahi kutetea Kombe la Amerika. Miongoni mwake ni Columbia, iliyoshinda mwaka 1958, na Weatherly, iliyoshinda mwaka 1962.

Daraja lao huitwa "Mita 12". Jina hilo lisimpotoshe msafiri: si urefu wa chombo, bali ni jibu la kanuni ya mwaka 1907 inayounganisha vipimo kadhaa. Urefu halisi wa mashua hizo mbili ni takriban mita 21.

Vyombo hivi viliundwa kwa ajili ya mbio, si starehe. Ni vyembamba, na mkuku hubeba risasi nzito. Upepo ukivuma chombo hulala ubavu, lakini uzito huo hukivuta kisimame tena. Mwenye maradhi ya mgongo au mtoto mchanga aulize kwanza.

Kabla ya kulipa:

1. Omba kuonyeshwa cheti cha ukaguzi. Nchini Marekani, chombo kinachochukua zaidi ya abiria sita hulazimika kuwa nacho.
2. Hakikisha kila abiria ana jaketi okozi linalomtosha.
3. Uliza chombo ni asilia au nakala.
4. Soma masharti ya kurejeshewa nauli bahari ikichafuka.