Saa iwe yako, tarehe iwe ya chuo: namna ya kuchagua digrii ya mtandaoni ukiwa kazini

Mfanyakazi wa Brussels anayetafuta digrii ya mtandaoni hukutana na ahadi ileile kila anapogeuka: soma popote, soma wakati wowote, soma kwa mwendo wako. Ahadi mbili za mwanzo ni za kweli, na kwa watu wengi ndizo zinazofungua mlango. Anayesafisha ofisi za minara iliyozunguka stesheni ya Gare du Nord, au Noordstation kama Waflemi waiitavyo, huanza kazi kabla ya wenye ofisi kufika au baada yao kuondoka; darasa la saa moja jioni halimfai hata kidogo. Mhadhara uliorekodiwa unamfaa. Ahadi ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi. Chuo kisichokudai chochote kwa tarehe maalumu kinakuacha upambane peke yako na uchovu, watoto, zamu na simu za nyumbani, na katika mapambano hayo masomo ndiyo hushindwa kwanza, kwa sababu hayana mtu wa kuyatetea. Ndiyo maana nashauri hivi: saa ya kusoma ichague wewe, lakini tarehe ya kuwasilisha kazi ipangwe na chuo.

Ushahidi upo. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18, kati ya wote waliojiandikisha, takriban asilimia 3 tu ndio waliomaliza. Kati ya waliolipia cheti, takriban asilimia 46. Sisemi kwamba pesa ndiyo iliyowafikisha, maana anayelipa huwa ameshadhamiria. Lakini hata hao wenye dhamira, zaidi ya nusu hawakufika mwisho. Vyuo vikuu huria vilivyodumu vimejua kwa muda mrefu kwamba dhamira peke yake haitoshi. Open University ya Uingereza, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, haikuwaachia televisheni na vitabu peke yake. Iliwapa wakufunzi na kazi za kusahihishwa kwa ratiba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijenga vituo vya mikoa ili mwanafunzi wa mbali awe na mahali pa kufanyia mtihani na mtu wa kumuuliza. Umbali ambao vyuo hivi viliukubali ni wa mahali. Mwanafunzi hakuachwa bila kalenda wala bila mwalimu.

Kabla ya kulipa ada, basi, fanya hesabu ya saa. Katika mfumo wa Ulaya mwaka kamili wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Mwaka mzima ni kati ya saa 1,500 na 1,800. Mtu mwenye ajira ya saa 38 kwa wiki, akipata saa 15 za masomo kwa wiki 40, ana saa 600, yaani krediti 20 hadi 24. Shahada ya kwanza yenye krediti 180 itamchukua miaka saba na nusu hadi tisa. Anayekuahidi miaka mitatu bila kugusa kazi yako hajakuonyesha hesabu hii. Safari nazo zihesabu, ila kwa uangalifu: treni ya kutoka Gare du Nord hadi Antwerp huchukua kama dakika 40, hivyo kwenda na kurudi siku tano ni zaidi ya saa sita. Ni muda mzuri wa kusoma na kusikiliza. Insha na mahesabu yanahitaji meza na utulivu, kwa hiyo yatengee siku yake.

Ukishaijua idadi ya saa zako, kiulize chuo mambo matatu kwa maandishi. Kazi zinawasilishwa tarehe zipi, na mtihani unafanyikia wapi? Nani atasahihisha kazi yangu, na atanijibu baada ya siku ngapi? Nikiugua au nikibadilishiwa zamu, naweza kusimamisha moduli bila kupoteza krediti nilizokwisha kupata? Swali hili la mwisho linajibu pingamizi zito kuliko yote, kwamba mtu wa zamu hawezi kufungwa na tarehe. Ni kweli zamu hubadilika, na dawa yake ni chuo chenye utaratibu wa kuahirisha, ambapo unaomba na kupewa tarehe nyingine. Hilo ni tofauti kabisa na kutokuwa na tarehe.

Wengine watasema waajiri hawaiheshimu digrii ya mtandaoni. Swali la msingi ni ithibati ya chuo. Open Universiteit ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1984, inatoa shahada zenye ithibati, na tangu uamuzi wa nchi za Benelux wa mwaka 2015 ngazi ya shahada hizo inatambuliwa Ubelgiji moja kwa moja. Sehemu kubwa ya masomo yake ni kwa Kiholanzi, hivyo aliyesomea Bukavu kwa Kifaransa au Mombasa kwa Kiingereza apime lugha yake kwanza. Shahada ya Tanzania, Kenya au Kongo huombewa ulinganifu na shahada za Ubelgiji moja moja, kwa ofisi ya NARIC-Vlaanderen upande wa Waflemi au kwa idara ya ulinganifu ya jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa. Pata jibu la ofisi hiyo kabla ya kujenga juu ya cheti ulicho nacho.

Iko pia haki ambayo wafanyakazi wengi hawaidai: likizo ya masomo yenye malipo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1985 na sasa iko mikononi mwa majimbo. Kinachoamua ni mahali pa kazi. Anayefanya kazi katika mnara ulio kando ya stesheni hufuata kanuni za Brussels. Jirani yake anayepanda treni kwenda kazini Antwerp hufuata za Flanders, ambako kikomo ni saa 125 kwa mwaka. Si kila kozi inakubaliwa, kwa hiyo uliza kabla ya kujiandikisha.

Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na miaka minane ni mirefu. Lakini hiyo miaka itapita hata usiposoma, na wanaoponyokwa mara nyingi ni walioshika vyote kwa uzito sawa. Anza na moduli moja yenye tarehe, ya chuo chenye ithibati, na uimalize. Ukiimaliza, utakuwa umejua kama wiki yako inabeba mbili. Usilipe ada ya mwaka mzima kabla hujalijua hilo.