TUMBO LIKILALA BAADA YA KUPASULIWA

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua wodini, kando ya kitanda cha mama.

Mama ni mchuma chai. Siku asiyochuma, hana malipo. Likizo ya Agosti utumbo wake ulijisokota, akapasuliwa usiku uo huo. Upasuaji ulifaulu. Kesho yake sista akamwuliza, "Mama, umetoa hewa?" Kogo, yaani nyanya yangu, alishika mdomo. "Huyu mtoto hana haya? Mtu mzima huulizwa hivyo?" Sista akacheka, akasema mama ainuke atembee. Alipoondoka tu, kogo aliniagiza nimlinde mama asiinuke, kidonda kisije kikafumuka. Nikatii. Kila alipotaka kuketi, nilimrudisha kwenye mto.

Siku ya tatu tumbo lilivimba kama ngoma, akatapika maji ya kijani. Ikabidi atiwe mrija puani. Ndipo daktari alipotuketisha, kogo na mimi, akatupa somo ninalowapa leo.

Kwa nini tumbo hulala?

Utumbo ni kama ule mkanda wa kiwandani usogezao majani chai: kuta zake hukaza na kulegea, chakula kikasonga mbele. Ukishikwashikwa wakati wa upasuaji, mkanda husimama. Dawa za maumivu za jamii ya mofini huuchelewesha zaidi, na maji ya dripu yakizidi huuvimbisha. Kwa kawaida utumbo mwembamba huamka kwanza, yapata siku moja. Utumbo mpana huwa wa mwisho, siku mbili hadi tatu. Hewa ikitoka, mkanda umeanza kuzunguka. Kumbe swali la sista halikuwa matusi!

Tufanye nini?

1. Mgonjwa ainuke mapema, akishikiliwa, mara daktari anapokubali. Kulala tu si chanzo pekee cha tumbo kulala, lakini kuinuka husaidia mwili wote kuamka, tena hukinga damu isigande miguuni.

2. Ale mapema. Zamani alinyimwa chakula hadi hewa itoke. Tangu miaka ya 1990, Daktari Henrik Kehlet wa Denmark na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wengi waweza kunywa na kula kidogo kidogo mapema zaidi. Lakini ruhusa ni ya daktari. Usimfichie ugali na mursik chini ya blanketi!

3. Atafune chingamu, akiruhusiwa. Kinywa kikitafuna, ubongo hudhani chakula kinakuja, ukaamsha utumbo.

4. Aseme ukweli kuhusu maumivu. Mara nyingi daktari huweza kuchanganya dawa nyingine, kama parasetamoli, ili mofini ipungue. Mwenye maumivu makali hawezi kutembea.

Dalili za hatari

Tumbo likizidi kuvimba, mgonjwa akitapika, akipata homa, au maumivu yakiongezeka, mwite sista mara moja. Usingoje asubuhi.

Basi, tangu siku hiyo nilimshika mama mkono, kutoka kitandani hadi dirishani, kisha hadi mwisho wa veranda. Siku ya tano sista alipouliza swali lake, kogo ndiye aliyejibu, tena kwa sauti: "Ametoa!" Wodi nzima ikacheka, mama akashika kidonda chake kwa kucheka.

Wenzangu, nilimdhuru mama kwa kumpenda bila kujua. Elimu ni taa. Na wewe uketiye dawati la mbele ukipenda bayolojia, hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, hufundisha madaktari upasuaji. Nani ajuaye? Labda siku moja utakuwa wewe unayemwuliza kogo wa mtu swali lile.

Maswali

(a) Kwa nini utumbo husimama baada ya upasuaji? Taja sababu tatu.
(b) Msimulizi alikosea wapi? Wewe ungefanyaje?

Mwanachama, Kidato cha Tatu