Ubao Mfupi na Chombo Kizito: Fizikia ya Kupakia Katika Pikapu

Makambako ni njia panda. Hapo barabara itokayo Songea kupitia Njombe huungana na barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, na hapo hapo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Pikipiki, pawatila na hata pikipiki za magurudumu manne, zikinunuliwa mjini kwa kazi za shamba, humaliza safari yake ndani ya pikapu. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi. Lakini kabla ya kilomita hizo ipo safari nyingine, isiyofika mita moja kwenda juu: kutoka ardhini hadi sakafu ya pikapu. Katika safari hiyo fupi watu huvunjika miguu, hubanwa na vyombo, na wengine hupoteza maisha. Sababu zake zimo katika masomo ya fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili.

UBAO HUPUNGUZA KANI, HAUPUNGUZI KAZI

Ubao ulioegemezwa kwenye pikapu ni mteremko, mojawapo ya mashine rahisi. Chukuliwe mfano wa chombo cha magurudumu manne chenye tungamo la kilo 300. Uzito wake ni nyutoni 3000 hivi. Sakafu ya pikapu iwe juu kwa mita 0.9, na ubao uwe wa futi 12, yaani mita 3.6. Kimo ni robo ya urefu wa ubao. Kwa hiyo, msuguano ukiachwa kando, kani ya kukipandisha chombo ni robo ya uzito wake, yaani nyutoni 750.

Kazi inayofanyika ni kani mara umbali: 750 mara 3.6, sawa na jouli 2700. Chombo kingeinuliwa moja kwa moja, kazi ingekuwa 3000 mara 0.9, ambayo ni jouli 2700 vile vile. Mteremko haukupunguza kazi hata kidogo. Umeigawa tu katika umbali mrefu zaidi.

Jouli hizo hazipotei. Zimewekwa akiba ndani ya chombo, nazo zitadaiwa iwapo kitaponyoka. Chombo kikirudi chini bila kizuizi hufika ardhini kwa kasi inayozidi mita 4 kwa sekunde. Hakuna mtu awezaye kuzuia kilo 300 kwa mikono katika kasi hiyo, hata angekuwa na nguvu kiasi gani.

KOSA LA KUUKATA UBAO

Mkoa wa Njombe una misitu mingi ya kupandwa, na mbao za misindano hupatikana kwa urahisi. Mwenye chombo hununua ubao mmoja wa futi 12. Kwa kuwa magurudumu yanahitaji njia mbili, anaukata katikati apate mbao mbili za futi 6. Anaona ameokoa fedha.

Kwa kweli ameubadili mteremko. Sasa kimo ni nusu ya urefu wa ubao, na pembe imepanda kutoka digrii 14.5 hadi digrii 30. Kani ya kupandisha imekuwa nyutoni 1500, mara mbili ya ile ya kwanza. Msuguano unaohitajika ili magurudumu yaliyofungwa breki yasiteleze umepanda pia: kizio chake hakina budi kuwa angalau 0.58, badala ya 0.26. Ubao uliolowa mvua na kupakwa tope la magurudumu huenda usifikie kiasi hicho.

UBAO MREFU NAO UNA MASHARTI YAKE

Isidhaniwe kwamba urefu peke yake ni usalama. Ubao uliolazwa kati ya ardhi na pikapu hupinda zaidi mzigo ufikapo katikati. Kwa mzigo ule ule, momenti ya kupinda katika ubao wa futi 12 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya ubao wa futi 6. Kwa sababu hiyo ubao mrefu lazima uwe mnene, au uwekewe mhimili imara katikati.

Nguvu ya ubao hufuata mraba wa unene wake. Ubao wa inchi 1 hauna nusu ya nguvu ya ubao wa inchi 2 wenye upana sawa. Una robo tu. Aidha, upande wa chini wa ubao unaopinda huvutwa, na upande wa juu hubanwa. Mti hupasuka kwa urahisi penye kifundo kinachovutwa. Basi ubao wenye vifundo au nyufa karibu na katikati usitumiwe kabisa.

KWA NINI UBAO HUCHOMOKA

Wengi hushangaa kuona ubao ukirukia nyuma wakati chombo kinapanda mbele. Kanuni ya tatu ya Newton inaeleza. Ili chombo kisonge mbele, gurudumu linaloendeshwa na injini hauna budi kuusukuma ubao nyuma, kwa kani iliyo sawa. Ubao ambao haukufungwa unashikiliwa na msuguano tu, na msuguano huo ukishindwa, ncha ya juu hutoka kwenye pikapu. Hatari huwa kubwa pale magurudumu ya mbele yamekwisha kuingia ndani, na ya nyuma bado yanausukuma ubao: chombo huanguka kikiwa nusu juu, nusu chini.

Tiba ni kuufunga kila ubao kwenye bodi ya pikapu kwa mnyororo au kamba imara, katika ndoano au sehemu isiyoweza kung'oka. Pikapu nayo izuiwe isisogee: breki ya mkono ivutwe, na magogo au mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu.

JINSI CHOMBO KINAVYOPINDUKA

Chombo husimama imara maadamu mstari ushukao wima kutoka kitovu cha uzito unaangukia kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Chombo cha mfano wetu kiwe na mita 1.2 kati ya magurudumu hayo, na kitovu cha uzito kiwe katikati, mita 0.5 juu ya njia. Mstari huo unayo nafasi ya mita 0.6 kabla ya kuyafikia magurudumu ya nyuma. Juu ya ubao wa futi 12 unarudi nyuma kwa mita 0.13, juu ya ule wa futi 6 unarudi kwa mita 0.29.

Mtu akiketi juu ya chombo, kitovu hupanda. Kikifika mita 0.7, mstari juu ya ubao mfupi hurudi nyuma kwa mita 0.40, na akiba iliyobaki ni mita 0.20 tu. Mwendeshaji akiegemea nyuma, au akiongeza mafuta kwa ghafla, magurudumu ya mbele huinuka, naye huangukia mgongo huku chombo kikimfuata. Ni salama zaidi kukivuta chombo kwa winchi iliyofungwa mbele ya bodi, pasipo mtu juu yake wala nyuma yake.

UKAIDI WA PAWATILA

Pawatila ina klachi mbili za kukatia kona, moja kwa kila gurudumu. Katika ardhi tambarare, klachi ya kushoto ikibanwa, gurudumu la kushoto hukosa nguvu ya injini na chombo huenda kushoto. Wakati wa kushuka mambo hugeuka. Hapo injini ndiyo inayozuia mwendo. Gurudumu lililoachiliwa hukosa kizuizi, hukimbia kuliko mwenzake, na chombo huelekea kulia. Mkulima aliyezoea shamba lake hujikuta anakisukuma chombo nje ya ubao kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo chombo kinyooshwe kabla ya kukanyaga ubao, gia ndogo iingizwe mapema, na juu ya ubao klachi zisiguswe kabisa.

NJIA BORA NI KUONDOA KIMO

Njia iliyo bora kuliko zote haihitaji ubao mrefu. Katika vituo vya reli, majukwaa ya mizigo hujengwa kwa kimo kinachokaribia sakafu ya behewa, ili mzigo usukumwe badala ya kuinuliwa. Nchi ya Njombe ni ya vilima, na kingo za udongo hupatikana kando ya mashamba na njia nyingi. Pikapu ikirudishwa nyuma hadi kwenye ukingo mgumu wenye kimo cha sakafu yake, mteremko hubaki kidogo sana, na hatari zilizoelezwa hupungua kwa pamoja. Ukingo uliolowa na kulegea usiaminiwe, kwani waweza kumomonyoka chini ya uzito.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aandae ubao mwembamba wa mita moja, vitabu vya kuinulia ncha moja, kigari cha kuchezea na mizani ya springi. Wanafunzi wapime kani ya kuvuta kigari kwa vimo vitatu tofauti, kisha warudie baada ya kuulowesha ubao. Matokeo yaandikwe katika jedwali.

MASWALI

1. Pikapu yenye sakafu ya mita 0.8 inapakiwa pawatila ya kilo 400 kwa ubao wa mita 3.2. Tafuta kani ya kupandisha na kazi yote, bila msuguano.

2. Ncha ya chini ya ubao wa swali la kwanza imewekwa juu ya ukingo wa mita 0.4. Kani mpya ni ngapi? Kazi imebadilika kwa kiasi gani, na kwa nini?

3. Eleza kwa nini si salama kwa mtu kusimama nyuma ya chombo "akisaidia kusukuma".