Saa Yako Kazini Ina Bei Gani?

Mfanyakazi akiulizwa analipwa kiasi gani, hutaja mshahara wa mwezi. Lakini mshahara huo ni bei ya idadi maalumu ya saa, na asiyeijua idadi hiyo hawezi kujua kama amelipwa haki yake au amepunjwa. Kwa Tanzania Bara, kipimo kimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005). Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, katika siku zisizozidi 6. Ukivuka hapo umeingia kwenye saa za ziada.

Bei ya saa moja hupatikana kwa kugawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333, yaani idadi ya wiki katika mwezi, kisha kugawa tena kwa saa za wiki. Anayefanya saa 45 anaweza kugawa moja kwa moja kwa 195. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 390,000: saa moja ni shilingi 2,000. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, kwa hiyo ni 3,000. Ukiitwa kazini siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu ya kitaifa, saa ni 4,000. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5, hapa shilingi 100 kwa kila saa.

Angalia nimesema mshahara wa msingi. Posho ya nyumba, usafiri au chakula haihesabiki katika hesabu hii. Ndiyo maana mkataba unaotaja msingi mdogo na posho nono unahitaji kusomwa mara mbili kabla ya kusaini: mwisho wa mwezi fedha zinaonekana zilezile, ila kila saa ya ziada utalipwa kwa bei ya chini, na hata kiinua mgongo siku ya kuachishwa kazi kitapungua, kwa sababu nacho hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10.

Wanaoumia zaidi, kwa maoni yangu, ni walinzi. Mlinzi anaingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, na mkononi anapata mshahara mmoja usiobadilika. Tumpunguzie hata saa moja ya mapumziko kila zamu, ambayo sheria inamtaka mwajiri aitoe baada ya saa 5 za kazi mfululizo. Zinabaki saa 66 kwa wiki. Ziada ni 21, na kwa wiki nne ni 84, wakati ukomo wa sheria ni saa 50 katika kila wiki nne, tena kwa makubaliano. Kwa mshahara wetu wa mfano, ziada hiyo ni kama shilingi 273,000 kwa mwezi wa wiki 4.333, achilia mbali nyongeza ya usiku. Hata ikilipwa yote, ukomo umevunjwa. Yapo makubaliano ya maandishi yanayoruhusu zamu ya saa 12 bila kulipa ziada ya siku ile, lakini hayo ni kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki, na saa za kawaida hubaki 45. Mlinzi wa siku sita hayumo.

Kanuni hizi za saa haziwahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kuitwa supavaiza pekee hakutoshi kukuingiza katika kundi hilo.

Kuna saa nyingine ambazo sheria haizilipi, na bado ni zako: za njiani. Anayetoka Mbagala kwenda kazini Mwenge anajua foleni inavyokula siku. Kama safari zinachukua saa 3 kwa siku na nauli 2,400, kwa siku 26 ni saa 78 na shilingi 62,400. Toa nauli kwenye 390,000, gawa kilichobaki kwa saa 273 (195 za kazi na 78 za njiani), na saa yako imeshuka hadi shilingi 1,200, makato hayajaguswa. Kazi ya shilingi 340,000 iliyo mwendo wa dakika 20 kwa miguu ingekupa takribani 1,600 kwa saa, na ungemkuta mtoto hajalala. Fanya hesabu hii kabla ya kuikubali au kuikataa kazi.

Pia weka kumbukumbu yako mwenyewe. Daftari dogo linatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la aliyekuagiza ubaki. Andika "saa 2 usiku", si "2:00" tu, maana mashine ya mahudhurio itasema 20:00 na mtabishana bure. Piga picha kitabu cha mahudhurio na utunze slipu za mshahara. Dai nakala ya mkataba. Mwajiri anatakiwa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na mkifika mbele ya sheria akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake.

Ukigundua umepunjwa, anza kwa kuzungumza na mwajiri, ikiwezekana pamoja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Viwandani na kwenye biashara wengi wako TUICO. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukajaze Fomu Namba 1. Huduma ni bure, ila muda ni mkali: siku 60 tangu mgogoro ulipotokea kwa madai kama ya saa za ziada, na siku 30 tu kama umeachishwa kazi isivyo halali. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kibali cha kusikilizwa nje ya muda, na kuonyesha sababu ya msingi ya kuchelewa.