KIWANJA CHA NDEGE NI MLANGO WA INCHI



Mtu akirudi toka Ulaya au Asia, sisi tunamwuliza habari za ndege: ilikuwa kubwa namna gani, chakula kilikuwa namna gani, aliogopa ao hapana. Lakini tukimwacha aseme mwenyewe, mara nyingi neno la kwanza haliko la ndege. Ni la kiwanja. Pale alingoja saa tatu. Pale walifungua valizi yake mbele ya watu wote. Pale mtu mmoja mwema alimshika mkono na kumwonyesha njia.

Basi somo letu la leo ni hili: sababu gani kiwanja kimoja cha kimataifa kinamfurahisha msafiri, na kingine kinamchokesha hata anaapa kutorudia tena njia ile? Wengi wanajibu upesi: ni feza tu. Inchi tajiri iko na kiwanja kizuri, inchi maskini iko na kiwanja kibaya. Jibu hilo liko na kweli kidogo ndani yake, lakini halitoshi. Tulifuate jambo hili pole pole.

1. Msafiri anapita mbele ya nani?

Kiwanja cha kimataifa hakifanani na stasyo ya basi. Kwa basi unalipa, unapanda, mambo yamekwisha. Kwa ndege ya kwenda inje ya inchi, msafiri anapita mbele ya watu wengi: kampuni ya ndege inayopima mizigo na kutoa karata ya kupanda, watu wa uhamiaji wanaotazama paspoti na viza, watu wa afya wanaotazama karata ya manjano ya chanjo, watu wa duane, walinzi wanaopitisha mifuko ndani ya mashine. Akifika kule anakokwenda, kazi inaanza tena.

Kila mmoja wa hawa yuko na mkubwa wake na sheria zake. Msafiri anaona nyumba moja, kumbe ndani mna maserikali madogo matano ao sita. Kama hayasemezani, msafiri ndiye atakayelipa kwa miguu yake. Atatumwa huku, atarudishwa kule, na mtoto mgongoni.

2. Nyumba nzuri peke yake haitoshi

Tutoe mifano miwili ya inchi tajiri, kusudi mtu asiseme ya kwamba taabu hii ni ya Afrika tu.

Mfano wa kwanza: London. Tarehe 27 Machi 2008, katika kiwanja cha Heathrow, walifungua jengo jipya la wasafiri, la tano. Lilikula garama ya zaidi ya miliari 4 za pauni. Siku ile ile ya kwanza mizigo ikakwama. Wafanyakazi hawakuzoea bado njia za ndani. Wengine walikosa hata mahali pa kuacha magari yao, wakachelewa kufika kazini. Mashine ya mizigo ikajaa. Kwa siku kumi, safari zaidi ya 500 zikafutwa, na maelfu ya valizi zikabaki mbali na wenyewe. Jengo lilikuwa tayari. Watu hawakuwa tayari.

Mfano wa pili: Montréal, katika inchi ya Kanada. Mwaka 1975 walifungua kiwanja kikubwa sana cha Mirabel, lakini walikiweka zaidi ya kilometa 50 toka mjini. Treni iliyotazamiwa haikujengwa. Tena, safari nyingi za ndani ya inchi zilibaki kwenye kiwanja cha zamani cha Dorval. Mtu aliyeshuka ndege moja na kutaka kupanda nyingine alipaswa kuchukua barabara toka kiwanja kimoja mpaka kingine! Wasafiri wakakichoka. Mwaka 2004 ndege ya mwisho ya abiria iliondoka Mirabel, na nyuma yake jengo likabomolewa.

Hapa tunapata sheria ya kwanza: kwa msafiri, kiwanja kinaanza kwenye mlango wa nyumba yake. Watu wa Kinshasa wanaelewa neno hili bila mwalimu. Barabara ya Lumumba ikijaa magari, mtu anaweza kukosa ndege kabla ya kuona N'djili kwa macho.

3. Hesabu ya mulongo

Sasa tukamate kalamu. Mulongo si bahati mbaya; mulongo ni hesabu.

Tuseme ndege imeshusha wasafiri 180. Gishe za paspoti ni 3, na kila mtu anachukua dakika 2. Kazi yote ni 180 × 2 = dakika 360. Tugawe kwa gishe 3: mtu wa mwisho anamaliza kwa dakika 120. Saa mbili nzima! Na hapa hakuna mtumishi hata mmoja aliyekuwa mvivu ao mbaya.

Tufungue gishe 6: 360 : 6 = dakika 60. Tuwape wasafiri karatasi zao wazijaze ndani ya ndege, kusudi kila mmoja achukue dakika 1 na nusu tu: 180 × 1,5 = 270, na 270 : 6 = dakika 45.

Namba 45 hatukuichagua bure. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio ulioanzisha shirika la mataifa la usafiri wa anga, lenye makao Montréal. Nyongeza ya 9 ya mkataba ule inashauri inchi zote kujikaza hivi: msafiri wa kawaida amalize mambo ya kuondoka kwa dakika 60, na mambo ya kufika kwa dakika 45, toka kushuka ndege hadi mwisho wa ukaguzi. Dakika 45 zetu ni za paspoti peke yake. Kwa hiyo valizi lazima zishuke wakati ule ule watu wanapopita gishe, si nyuma yake.

Sasa tuongeze jambo moja. Tuseme kati ya wale 180, watu 20 wanashikwa gisheni dakika 6 zaidi kila mmoja, kwa maneno yasiyo ya lazima: « Na mimi unaniachia nini, mukubwa? » 20 × 6 = dakika 120. Tugawe kwa 6: ni dakika 20 zaidi. Dakika 45 zimekuwa 65. Ile soda moja aliyoomba mtumishi imelipwa na watu wote, hata yule mgonjwa aliyesimama nyuma kabisa, asiyesikia kitu.

Tena kuna swali la namna ya kujipanga. Kama kila gishe iko na mulongo wake, ole wako ukisimama nyuma ya mtu mwenye karatasi zenye shida: majirani wanakwenda, wewe uko pale pale. Kama kuna mulongo mmoja kwa gishe zote, aliyetangulia anatangulia, na shida ya mtu mmoja inafunga gishe moja tu. Dawa hii haiombi feza. Inaomba kamba moja na mtu wa kuilinda.

4. Kungoja kwa kujua na kungoja bila kujua

Lakini dakika hazifanani zote. Mwaka 1985 mwalimu mmoja jina lake David Maister aliandika juu ya watu wanaongoja, akaonyesha mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua moyoni. Kungoja bila kazi kunaonekana kurefu kuliko kungoja ukiwa na kitu cha kufanya. Kungoja bila kujua mwisho ni kurefu kuliko kungoja wakati ulioelezwa. Kungoja bila kuambiwa sababu ni kurefu kuliko kungoja ukijua sababu. Na kungoja huku ukiona wengine wanapitishwa kando, huko ndiko kurefu kuliko kote.

Viwanja vinavyopendwa vimeelewa mafundisho haya. Katika Singapore, kiwanja cha Changi kilianza kazi mwaka 1981. Ndani yake waliweka bustani za maua, hata bustani ya vipepeo, na mwaka 2019 wakafungua pembeni jengo lenye maporomoko ya maji ya metre 40, yanayotoka juu kwenye paa. Watu wanaweza kusema hayo ni mapambo ya matajiri. Haiko vile tu. Mtu anayetazama kipepeo hahesabu dakika.

Alama za njia nazo ni kazi kubwa. Kwa kiwanja cha Roissy karibu na Paris, kilichofunguliwa mwaka 1974, walimwita Adrian Frutiger, mchoraji wa herufi toka Uswisi, kusudi atengeneze maandiko ambayo mtu anaweza kuyasoma toka mbali, akiwa anatembea upesi. Huko Schiphol, karibu na Amsterdam, toka mwaka 1967 Benno Wissing alipanga alama kwa rangi, na za njano ndizo zinazomwongoza msafiri kwenye ndege yake. Msafiri asiyejua luga ya mahali anaokolewa na mshale mzuri.

Je, sisi tusio na feza ya maporomoko? Benchi za mbao, maji safi ya kunywa, vyoo vilivyosafishwa, ubao wenye maandiko makubwa, na sauti ya mtu inayosema kweli: « Ndege itachelewa saa mbili, sababu ya mvua. » Mambo haya hayaombi miliari. Na katika yote, lile la mwisho ndilo linalokosekana zaidi. Watu wanavumilia mvua. Wanachoshindwa kuvumilia ni kunyamaziwa.

5. Bei iliyoandikwa na bei ya mfukoni

Tuseme wazi juu ya feza. Mwaka 2009 serikali yetu iliweka malipo ya Go-Pass kwa ajili ya kutengeneza viwanja: dolari 50 kwa safari ya inje, dolari 10 kwa safari ya ndani. Mtu anaweza kuona ya kwamba ni gali, tena anayo haki ya kuuliza kazi iliyofanywa na feza ile. Lakini ni bei iliyoandikwa, yenye karatasi. Mama anaweza kuiweka pembeni kabla ya kutoka nyumbani.

Bei ya mfukoni haiko vile. Haiandikwi popote, inageuka kwa kila uso, na inamkamata sana yule asiye na nguvu: mwanafunzi anayetoka mara ya kwanza, mama mwenye mtoto, mzee asiyejua Kifaransa. Mwenye cheo anapita na kusalimiwa. Mnyonge anaambiwa karatasi yake haitoshi. Matabishi yanayotolewa kwa moyo ni shukrani. Yanayoombwa mbele ya mlango uliofungwa ni wizi. Kiwanja chaweza kuwa na marumaru toka chini mpaka juu, mambo haya yakiwamo ndani, msafiri atakikumbuka kama shimo.

6. Msafiri naye iko na kazi yake

Tusiwatupie watumishi makosa yote. Msafiri anayefika bila kujitengeneza anachelewesha mulongo wote. Basi tukumbuke:

a) Paspoti: inchi nyingi zinataka iwe na miezi 6 mbele, si siku mbili tatu.
b) Karata ya manjano: chanjo ya homa ya manjano inahesabiwa toka siku ya 10 nyuma ya sindano. Toka Julai 2016, kwa sheria ya mataifa, karata hiyo inafaa kwa maisha yote. Anayekuambia imepita miaka 10 na lazima ulipe nyingine, mweleze kwa upole.
c) Mzigo wa mkononi: katika viwanja vingi chupa inayopita mililita 100 haipiti. Mafuta ya mawese ya shangazi yawekwe ndani ya valizi kubwa, yafungwe vizuri.
d) Valizi: weka jina inje na ndani pia. Ikifika imevunjika, chini ya Mkataba wa Montréal wa mwaka 1999 unapaswa kuandikia kampuni ndani ya siku 7. Usitoke kiwanjani bila karatasi ya mashtaka yako.

7. Neno la mwisho

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, tunamwona Ibrahimu wakati wa jua kali. Aliona wageni watatu, akakimbia kuwapokea, akawapa maji ya kunawa miguu na kivuli cha mti. Hakuwa na jengo. Alikuwa na hema. Hakujua wageni wale ni nani.

Msafiri hajui inchi yetu. Mtu wa kwanza anayemjua ni yule wa gishe, na mtu wa mwisho ni yule wa gishe vilevile. Kati yetu tunaosoma karatasi hii, wengine watavaa siku moja uniforme ya uhamiaji, ya duane, ya afya. Kazi hiyo haianzi siku ya kupewa uniforme. Inaanza hapa, siku mzazi aliyetoka mbali kwa miguu anaposimama kwenye mlango wa shule akiuliza biro ya prefe ni wapi. Tunamwonyesha kwa kidole tukicheka, ao tunatembea naye?

Maswali ya kujizoeza

1. Ndege imeshusha watu 240. Gishe ni 5. Kila mtu anachukua dakika 1 na nusu. Mtu wa mwisho anamaliza nyuma ya dakika ngapi? Ongeza gishe ngapi kusudi zisipite 45?
2. Katika viwanja tulivyotaja, ni kipi kilichoharibiwa na umbali, na kipi kilichoharibiwa na watu kukosa mazoezi?
3. Taja mambo matatu ambayo kiwanja cha inchi maskini kinaweza kutengeneza mwezi huu bila kungoja feza ya inje.
4. Ni mlango gani katika shule yetu ambapo wageni wanangoja bila kujua sababu? Tufanye nini?